Risiva ya Nyumba Mbili

Mteja akiingia dukani kutafuta risiva, mwacheni aibebe kwanza. Asisome karatasi iliyobandikwa mbele, asihesabu taa, asiulize imetoka nchi gani. Aikumbatie anavyobeba debe la mahindi, atembee nayo mpaka mlangoni na kurudi. Ikiwa nyepesi, mshaurini aiache. Kinacholeta uzito ndani ya risiva ni transfoma, na transfoma ndiyo nguvu yenyewe. Vingine vyote ni plastiki na maneno matamu.

Vijana wa duka, siku mliyoniaga kwa soda na keki mlisema niwaandikie ninayoyajua. Nimestaafu juzi tu, na bado nikiamka mkono unapapasa kando ya kitanda kutafuta bisibisi. Mke wangu anasema nikae kama watu wengine waliostaafu. Nimekaa, nimechoka kukaa, kwa hiyo naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nilikabidhiwa ufunguo wa duka lini, maana hayo hayajamsaidia mtu kuuza hata fyuzi. Nitawaambia tulivyofanya kazi miaka ya tisini, wakati risiva ilikuwa sanduku moja jeusi lenye redio ndani, lenye nguvu ya kusukuma spika nne au tano, na mgongoni lina matundu ya kuchomeka deki ya video, kaseti na televisheni. Aliyekuwa nayo sebuleni alitembelewa sana.

Nilianzia Homa Bay, kwa fundi aliyeitwa Okumu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la samaki, na mpaka leo nikisikia harufu ya omena nakumbuka waya. Siku ya kwanza alinipa amplifaya iliyokufa kabisa, akaniambia niifungue. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimetoka kusoma mambo ya umeme na kichwa kilijaa michoro, basi nikawasha chuma cha kulehemu kabla hata sijatoa skrubu ya kwanza. Okumu akakizima, akanipa brashi ya rangi.

"Toa wapangaji kwanza," akasema.

Nilipoinua kifuniko, mende walitawanyika kila upande, wakubwa kwa wadogo, ukoo mzima. Mende hupenda transfoma kwa sababu ina joto, na wakishapata joto hawana haja ya kuhama. Nilipiga brashi, nikapuliza, nikafuta, na tulipochomeka ile amplifaya ikaimba. Nikapiga kelele kwamba imepona.

"Haikuwa mgonjwa," akasema Okumu. "Ilikuwa imejaa."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo aliyasema akiwa na skrubu mdomoni, kwa hiyo ilinibidi nimwangalie sana. Alinifundisha kugusa kifuniko cha mashine kwa kiganja baada ya nyimbo tatu ili nijue joto lake. Alinifundisha kujaribu spika kwa sauti ndogo kwanza, maana sauti kubwa huficha makosa. Mashine ikichemka na kukwaruza ikiwa chini, huko juu itakuwa hatari tupu. Na alinifundisha kuongea na akina mama juu ya vitambaa, somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha umeme.

Mnavijua vile vitambaa. Kila kitu sebuleni kilivaa: makochi, meza, televisheni, thermosi, hata betri ya gari kama nyumba haikuwa na stima. Risiva mpya ikiingia, siku hiyohiyo inashonewa nguo yake, ikifunikwa mpaka masikio, halafu juu ya kitambaa yanawekwa maua ya plastiki na picha ya harusi. Sasa matundu ya kutolea joto yako juu hapohapo. Mashine inapumua ndani ya blanketi, inaimba nyimbo nne, inazimika. Mwenye nyumba anakuja dukani amekasirika, anasema tumemuuzia takataka. Kumwambia mama aondoe kitambaa alichokishona kwa mikono yake ni kutafuta ugomvi. Okumu alikuwa anakishika kile kitambaa, anakigeuzageuza kwenye mwanga, anauliza ni nani amekishona. Akishasifu vya kutosha, anasema, "Lakini mama, kitu kizuri namna hii kinafaa kikae chini ya mashine, pembe zote zining'inie, wageni waone." Mama anakubali kwa furaha, risiva inapata hewa, sisi tunapewa chai.

Kitu kingine alichonishikisha ni swali la kumuuliza mteja. Tulikuwa na tabia, sisi vijana, ya kuuliza mtu ana pesa ngapi. Okumu alikataa kabisa. Alitaka tuulize chumba ni kikubwa kiasi gani, na nani hukaa wapi. Nilidhani ni adabu tu ya mzee, mpaka nilipohamia Migori.

Duka la Migori lilikuwa pale Suna, barabarani, na mali ilitufikia kutoka pande mbili. Nyingine ilishuka kutoka Nairobi, nyingine ilivuka mpaka wa Tanzania pale Isebania mikononi mwa wafanyabiashara wanaojua njia. Za Isebania zilikuwa na bei nafuu, na nilijifunza haraka kuzigeuza mgongo kabla ya kuzisalimia usoni. Mgongoni ndiko kumeandikwa umeme inaoutaka. Nyingi zilitengenezwa kwa nchi zenye stima ndogo ya volti mia na kumi, na sisi stima yetu ni mara mbili na zaidi. Jirani yetu mmoja muuza viatu alijinunulia yake huko mpakani bila kuuliza mtu, akaalika marafiki, akapika na kuku. Moshi ulitoka kabla ya wimbo. Kuku waliliwa kimya, nasikia walikuwa watamu.

Mwenye pesa za kadiri, na wateja wetu wengi walikuwa hao, nilimshauri hivi. Usinunue taa. Mashine inayocheza taa nyekundu na kijani mbele imetumia hela yako nje badala ya ndani. Usiamini wati zilizobandikwa kwa karatasi ya dhahabu, maana mwenye kubandika hakulipia kila wati. Afadhali iliyotumika ya kampuni yenye sifa, nzito, yenye vishikio vya waya vya kukaza kwa skrubu, kuliko mpya nyepesi yenye vishikio vya kubana vinavyoachia paka akipita. Ukitaka kuangalia video, tafuta yenye tundu la spika ya katikati. Spika hiyo unaiweka juu au chini ya televisheni, na kazi yake ni maneno ya watu tu. Bila hiyo utasikia risasi na magari vizuri sana, lakini hutajua wanagombania nini. Halafu uliza kama karibu na kwako kuna kinu cha kusaga. Kinu kikiwashwa stima inazama, kikizimwa inaruka, na risiva inayokaa jirani na kinu inahitaji kilinda stima kuliko inavyohitaji spika ya tano.

Tulikuwa pia na mteja wetu Msabato, mtu mpole wa kwaya, aliyekuja Ijumaa mchana kujaribu mashine na kaseti zake. Alijaribu moja, akajaribu ya pili, huku akichungulia jua nje. Jua lilipoanza kushuka aliacha kaseti ikiwa katikati ya ubeti, akasema tutaonana Jumapili. Nilikaa na ule ubeti nusu kichwani siku nzima ya Jumamosi.

Sasa nifike kwa Mzee Oketch, maana kati ya risiva zote nilizouza hiyo ndiyo siwezi kuisahau.

Mzee Oketch alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharagwe, mtu mnene wa sauti ya juu, na boma lake lilikuwa nje kidogo ya mji, stima ikiwa imeshafika. Aliingia dukani asubuhi moja, akapita risiva zote nzito bila kuzitazama, akasimama mbele ya ile yenye taa.

"Hii iko na nguvu?" akauliza.

"Ibebe, mzee."

Akaibeba kwa mkono mmoja, akacheka. "Hii hata kuku inaweza beba." Akairudisha. Halafu akaacha kucheka, akavuta kiti karibu na meza yangu. "Fundi, mimi sitaki mambo ya starehe. Boma yangu inapasuka. Nitafutie mashine ya kuishika."

Nikakumbuka swali la Okumu. Nikamuuliza nani hukaa wapi, na hapo akafungua moyo.

Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, mikayi kama Wajaluo wanavyomwita mke wa kwanza, alikuwa wa kutoka Asumbi, na kila mtu alimwita hivyo, Nyar Asumbi, binti wa Asumbi. Nyumba yake ilitazama lango la boma, mahali pa mke wa kwanza. Wa pili alikuwa Mkuria kutoka Isebania, jina lake Boke, kijana wa kuchangamka, na nyumba yake ilikuwa upande wa kulia. Kwa kuwa mmoja alikuwa Mjaluo na mwingine Mkuria, Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya boma. Ila walikitumia kidogo sana. Walisalimiana asubuhi, basi. Hawajawahi kuketi kula pamoja tangu Boke aolewe.

Kisha Mzee Oketch alikuwa amenunua televisheni na deki. Kwa desturi, kitu kipya cha boma huanzia kwa mikayi. Jembe la kwanza shambani ni lake, mavuno ya kwanza ni yake, na televisheni ikaingia kwake vilevile. Ikakaa huko. Boke akasema hataki kitu, na mwanamke akisema hataki kitu kwa sauti ile, mwanamume mwenye akili huanza kutafuta msaada. Alikuwa ameshasema mara mbili kwamba atarudi kwao Isebania, na mara ya pili alikuwa amefunga mzigo.

"Pesa ya kununua televisheni mbili na deki mbili sina," akasema Mzee Oketch. "Na nikipeleka hii moja kwa Boke, mikayi ataona nimemshusha mbele ya watu. Nifanyeje?"

Nilifikiri, nikamletea risiva nyeusi iliyotumika, nzito mpaka niliibeba kwa kupumzika njiani. Haikuwa na taa ila moja. Mbele ilikuwa na vitufe viwili, A na B. Nikamweleza kwamba risiva hiyo inaweza kulisha spika za vyumba viwili. Ukibonyeza A unasikia chumba cha kwanza, ukibonyeza B cha pili, ukibonyeza vyote viwili panaimba kote. Risiva itakaa kwa mikayi kama desturi inavyotaka, na waya utavuka uwanja mpaka kwa Boke.

Aliniangalia kama nimemfufulia mtu. "Muziki moja, nyumba mbili?"

"Wakati mmoja."

"Funga hiyo mashine kwa karatasi," akasema. "Leo."

Tulichimba mtaro kutoka nyumba moja hadi nyingine, nikapitisha waya mnene ndani ya mpira wa maji ili majembe na ng'ombe wasiukate. Kwa Nyar Asumbi niliweka spika mbili kubwa na ile ya katikati chini ya televisheni. Kwa Boke niliweka mbili ukutani. Nilikuta kitambaa kimeshashonwa, cheupe chenye maua ya samawati, nikakisifu kama nilivyofundishwa, nacho kikakaa chini ya risiva. Tulipobonyeza A na B, muziki wa benga ukatoka nyumba zote mbili kwa mpigo, na Mzee Oketch akasimama katikati ya uwanja akicheza peke yake, tumbo mbele. Niliona Boke mlangoni kwake akitikisa bega. Niliona Nyar Asumbi mlangoni kwake, mrefu, mikono kifuani, akitabasamu upande mmoja. Nilirudi dukani najiona mganga.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri. Nikipita barabarani kwa baisikeli nasikia boma lote linaimba, habari za redio zikisomwa mara mbili, mikayi akisikia misa ya Jumapili na Boke naye akisikia. Kisha Mzee Oketch akaanza kukodi kaseti za video, na hapo ndipo shida ilipoingia ambayo sikuiona, wala Mzee Oketch hakuiona, kwa sababu sisi wanaume tulikuwa tumefikiria spika tu.

Siku hiyo nilikuwa dukani mchana, mwenye baisikeli ya abiria akaleta ujumbe kutoka kwa Nyar Asumbi kwamba mashine imenyamaza, nije na vyombo vyangu, na nije sasa. Mzee Oketch alikuwa amevuka mpaka kutafuta maharagwe. Nikafika, nikamkuta mikayi ameketi wima kwenye kochi, televisheni inaonyesha picha ya Kihindi, watu wanaimba milimani bila sauti hata kidogo.

Risiva ilikuwa inawaka. Nikagusa kifuniko, joto la kawaida. Fyuzi nzima. Nikatazama mbele, nikaona A na B vyote vimebonyezwa, nikajua. Risiva nyingi za bei ya kadiri, ukibonyeza A na B pamoja, hazigawanyi sauti mara mbili. Zinaipitisha njia moja, inakwenda nyumba ya kwanza, inaendelea ya pili, inarudi. Hiyo inaisaidia mashine isichoke. Lakini waya ukikatika popote, njia imefungwa kwa wote. Ukichomoa spika za nyumba moja, nyumba zote mbili zinakuwa kimya.

Nikavuka uwanja kwenda kwa Boke. Mlango ulikuwa wazi. Spika zilikuwa zimeshushwa ukutani, waya umeng'olewa unaning'inia, na katikati ya chumba kulikuwa na masanduku mawili na godoro lililoviringishwa. Boke alikuwa anakaza kamba.

"Mama Chacha, unaenda wapi?" nikamuuliza. Chacha alikuwa mwanawe.

"Nyumbani. Kuna lori ya ndugu yangu inapita hapa saa hii inaenda Isebania. Hiyo spika yenu chukua."

"Imekukosea nini?"

Akaacha kamba. Macho yake yalikuwa mekundu. "Fundi, wewe umewahi kaa kwa nyumba unasikia watu wanacheka, wanalia, wanapigana, na wewe unaangalia ukuta? Kila jioni hivyo. Yeye amepewa picha, mimi nimepewa kelele. Nimechoka kucheka kitu sijaona."

"Si uende huko ukaangalie?"

"Nimeitwa na nani? Tangu niolewe hapa sijaambiwa keti kwa ile nyumba. Siwezi kuenda kusimama mlangoni kama mtu ameomba chumvi."

Katika mfuko wangu wa vyombo hapakuwa na chombo cha kazi hiyo. Nilisikia uchungu. Kitu nilichouza kishike boma ndicho kilikuwa kinalipasua. Nikarudi kwa mikayi, nikamweleza kwamba mashine ni nzima, ila Boke ameng'oa waya na anaondoka.

Kisha nikasema la ufundi.

"Lakini wewe usikose sauti, mama. Ondoa B, ubaki na A. Sauti itarudi kwako sasa hivi."

Akainuka, akaenda kwenye risiva, akanyoosha kidole. Kidole kikapita kitufe cha A, kikapita B, kikagusa tundu la spika za masikioni, kikarudi, kikabonyeza deki. Picha ikasimama. Akabaki ameinama, uso karibu kabisa na mashine, na bado hakuona. Nami nilikuwa nimesimama kando yake, na sasa ndipo nilipoyatazama macho yake vizuri kwa mwanga wa dirishani. Yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

"Mama," nikasema polepole, "hiyo televisheni unaiona?"

Akajinyoosha. "Naona inawaka."

"Na picha?"

"Hiyo naachia wenye macho." Akapapasa kochi, akaketi. "Ni mtoto wa jicho. Sijaambia mtu. Mzee akijua atasema nikae tu, nisiende shamba, nisishike jembe ya kwanza. Nitakuwa mikayi wa jina. Kwa hivyo jioni nakaa hapa mbele, watoto wakicheka nacheka." Akacheka kweli, kidogo. "Mimi pia nachekea kitu sijaona."

Nikamwambia kwamba hayo maneno ndiyo Boke ameyasema sasa hivi, karibu yaleyale. Sikufikiri kabla ya kuyasema. Kama ningefikiri huenda ningenyamaza, na naona ingekuwa vibaya.

Nyar Asumbi akageuza sikio dirishani. Nje tulisikia honi ya lori barabarani. Akasimama, akafunga leso yake kiunoni, akatoka. Uwanja aliujua kwa miguu, hakujikwaa hata mara moja, alienda wima mpaka mlango wa Boke na mimi nyuma yake kama askari asiye na bunduki. Boke alikuwa ameshainua sanduku moja kichwani.

"Nyieka," akasema mikayi. Ndivyo mke anavyomwita mke mwenzake, na Boke alituambia baadaye kuwa kabla ya hapo hakuwahi kuitwa hivyo. "Weka sanduku chini. Kuna picha ya Kihindi inacheza huko kwangu na mimi sioni kitu. Macho yangu imekufa. Nani ataniambia kinachofanyika?"

Boke alisimama na sanduku kichwani. Aliangalia yale macho, akanitazama mimi, akayarudia. Niliona hasira ikitafuta mahali pa kushika na haipati.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla televisheni inunuliwe."

"Na umekaa hapo mbele yake wakati huu wote?"

"Ningekaa wapi? Ilikuwa yangu."

Honi ikapigwa tena. Boke akashusha sanduku. Akatoka nje, akaita kwa Kikuria kuelekea barabarani, kwa sauti ambayo ingeshinda risiva yoyote niliyowahi kuuza, na lori likaenda zake. Kisha akamshika mikayi mkono, si kwa upole sana, kama anamvuta sokoni, wakavuka uwanja.

Mlangoni Boke akasita. Nyar Asumbi akaingia, akapangusa kochi kwa kiganja, akasema, "Keti."

Nilizima B, sauti ikarudi, nikaanzisha tena kaseti. Nilipaswa kwenda lakini nilisingizia kukaza skrubu. Spika ya katikati ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, kila neno safi, na la Kihindi, na hapakuwa na mtu hapo aliyelielewa. Haikuwa na maana hata hivyo, kwa sababu Boke aliongea juu yake mwanzo mpaka mwisho.

"Sasa kuna msichana, amevaa nyekundu, analia. Kuna mwanamume amekuja na farasi. Mrembo! Ako na masharubu hivi. Amepiga magoti. Sasa anamwambia atamuoa, anashika mkono. Eh, huyu anampenda kabisa."

"Huyo?" akasema Nyar Asumbi, sikio limeelekea kwenye spika. "Huyo anadanganya."

"Wewe huoni uso yake. Anatoa machozi!"

"Sijali machozi. Sikia sauti. Inapanda pahali haifai kupanda."

Wakabishana. Boke alitetea masharubu, mikayi akashikilia sauti, na mimi nilikaza skrubu ileile mpaka ikakataa kukazwa. Hatimaye yule mwenye farasi akaonekana katika nyumba nyingine, mbele ya msichana mwingine aliyevaa kijani, amepiga magoti vilevile na ameshika mkono vilevile. Boke akaruka kutoka kwenye kochi.

"Mungu wangu! Ako na mwingine! Ulijuaje?"

"Ah," akasema Nyar Asumbi. "Si tumeolewa na mfanyabiashara?"

Boke aliangua kicheko mpaka akashika magoti, na mikayi akacheka naye, cheko refu la tumboni, akimpiga begani, na mimi nikakusanya vyombo vyangu nikatoka bila kuaga.

Mzee Oketch alikuja dukani wiki iliyofuata. Boke alikuwa ameshampeleka mikayi kwa daktari wa macho yeye mwenyewe, mkono kwa mkono, na Mzee alikuwa ameambiwa habari yote akiwa amesimama uwanjani, hajatua hata mzigo. Akavuta kile kiti, akaketi kwa uzito.

"Fundi, ile mashine uliifanyia nini?"

"Nilikaza skrubu, mzee."

"Sasa wanakaa pamoja kila jioni. Wanakula pamoja, wanaongea pamoja. Nikiingia wananyamaza, nikitoka wanacheka." Akajipangusa jasho. "Mimi siku hizi nakaa duol." Duol ni kibanda cha baba, karibu na lango la boma. "Huko kumenyamaza sana."

Akazitazama risiva zote rafuni, nzito na nyepesi, zenye taa na zisizo nazo. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa, chumba ni kikubwa kiasi gani, na nani hukaa wapi.

"Ni kadogo," akasema. "Na ni mimi peke yangu."

Nikamuuzia redio ya spika moja.